Mipira mitatu baada ya baipasi: uzoefu wangu na spairomita ya kuvuta pumzi

Nina miaka 61, sijawahi kuvuta sigara, na nimefanyiwa upasuaji wa baipasi ya moyo, yaani kuipa damu njia mpya ya kupita palipoziba, mishipa mitatu, hapa Dar es Salaam. Nilijiandaa kwa maumivu ya kifua na ya mguu walikotoa mshipa. Kukosa pumzi sikukutarajia kabisa. Siku ya pili mke wangu aliponisalimia, nilishindwa kuimaliza hata sentensi ya kumjibu. Pumzi iliishia kooni, haishuki.

Ndipo nikaletewa spairomita, kifaa cha kuzoeza mapafu kuvuta pumzi: kiboksi cha plastiki chenye vyumba vitatu, kila chumba na mpira wake mdogo, pamoja na mrija wa kuweka mdomoni. Ukivuta hewa mipira inapanda. Wa kwanza hupanda kwa mililita 600 kwa sekunde, wa pili 900, wa tatu 1200. Aliyekileta alikuwa na haraka, akakiweka kitandani akaenda zake. Siku nzima nikawa nakipuliza. Mipira haikutikisika, nikaamini mapafu yangu yamekwisha. Kesho yake akaja dada wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi, akaniona, akanishika mkono. "Shikamoo baba. Usipulize. Vuta, kama unavyokunywa soda kwa mrija." Mpira wa kwanza ukapanda nusu, ukaanguka. Machozi yalinitoka.

Yeye ndiye aliyenielewesha. Mfupa wa kifua umepasuliwa, wewe umelazwa kwa dawa ya usingizi, mashine imeshika kazi ya moyo na mapafu. Vifuko vya hewa vya chini vinanywea na kushikana, zaidi upande wa kushoto. Ukiamka, maumivu yanakufanya upumue juu juu, na misuli ya kupumulia nayo imeishiwa nguvu. Siku za mwanzo hewa unayoweza kuvuta na kuitoa hupungua kwa theluthi, hata nusu, na hurudi polepole kwa wiki na miezi. Makohozi yakituama humo, nimonia haiko mbali.

Zoezi lenyewe ni kuvuta mara kumi kila saa ukiwa macho, umekaa wima, kisha unakohoa huku umekumbatia mto. Wangu ulifungwa kwa kanga ya mke wangu, na bila huo mto kukohoa nisingethubutu. Ukisikia kizunguzungu, pumzika kwanza.

Kifaa nakipenda kwa sababu kinakuonyesha jambo ambalo mwenyewe huwezi kulihisi. Jumatatu mpira mmoja, Alhamisi miwili, unapata moyo wa kuendelea. Lakini kina udhaifu wake. Ukikiinamisha kidogo mipira inapanda kirahisi, unajidanganya. Tena kinapima kasi ya hewa, hakipimi wingi wake: ukivuta kwa kushtukiza yote mitatu inaruka na pafu halijajaa. Dada yule alinikataza kukimbilia wa tatu. Alitaka miwili ikae juu, nihesabu moja, mbili, tatu, ndipo niachie. Na mrija wangu ulikuwa unachomoka kila mara, ikabidi niushikilie kwa kidole.

Niwe mkweli pia: tafiti zilizofanywa kwa wagonjwa wa baipasi hazijaonyesha kwamba kifaa hiki peke yake kinashinda kupumua kwa kina, kukohoa na kuanza kutembea mapema. Kwa hiyo usiponunuliwa kifaa hiki, usihuzunike. Mimi nilivifanya vyote, na naamini kutembea kwenye korido ya wodi, hata hatua ishirini, kulinisaidia sana.

Kama ndugu yako anasubiri kupasuliwa, ombeni afundishwe mapema, angalau wiki moja kabla, kifua kikiwa bado hakiumi. Mimi ningejua mapema kuwa ni kuvuta, nisingeipoteza siku nzima ile. Kila mgonjwa awe na chake, wala msiazimane, na kipande cha mdomoni kioshwe. Homa ikipanda au pumzi ikizidi kubana ukiwa nyumbani, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Nyumbani kipimo changu kilikuwa sala. Nilisali nimekaa kwenye kiti, na aya ya mwisho ya Alhamdu, ile ndefu, ilinikatikia mara mbili, wakati mwingine mara tatu. Nikawa navuta mipira yangu kabla ya kila adhana. Wiki ya kumi, alfajiri, nikaisoma yote kwa pumzi moja mpaka "waladh-dhaalliin". Mke wangu, nyuma yangu, akaitika amina kwa sauti.