Kilomita 1,040 kwa jozi moja: raba zangu zilivyonidanganya

Nilikuwa nimeshaanza kulaumu umri. Wiki tatu mfululizo ugoko wa mguu wa kulia uliniuma kila nikimaliza kukimbia, kisha maumivu yakashuka hadi unyayoni. Asubuhi nikitoka kitandani, hatua za kwanza nachechemea. Nikapumzika siku nne, nikanyoosha misuli, nikapunguza kasi. Nikirudi mazoezini, yale yale. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa mguuni.

Ukizitazama raba zenyewe huoni kosa. Kitambaa cha juu kizima, kamba nzima, soli bado ina meno, isipokuwa ukingo wa nje wa kisigino uliolika kidogo. Hilo halikunishtua, maana sisi tunaotua kwa kisigino tunalika hapo kwanza na si ugonjwa. Shida ni kwamba nilikuwa nazipima kama tairi la gari, mpira wa chini ukiisha ndipo nitabadilisha. Kumbe kinachotangulia kufa ni ile sponji iliyo kati ya mpira na unyayo. Mara nyingi ni EVA, aina ya plastiki iliyojaa vipovu vidogo vidogo. Ukitua, mguu unapokea mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Vipovu vinabonyea, kisha vinarudi. Siku zinavyokwenda vinarudi nusu nusu, mwishoni vinalala moja kwa moja.

Nilipofungua programu ya kukimbia kwenye simu na kujumlisha, nikakuta 1,040. Kiwango kinachotajwa sana ni kati ya kilomita 500 na 800. Kwa hatua yangu ya mita moja na kidogo, kila mguu ulikuwa umetua mara zinazokaribia laki tano. Muuzaji aliniambia zitakaa "mpaka zitoboke", nami nikamwamini.

Kilichonimaliza ubishi ni jozi mpya ya toleo lile lile. Nilivaa mpya kushoto, kuukuu kulia, nikarukaruka sebuleni kwa mguu mmoja mmoja. Kushoto nikapokelewa. Kulia nikasikia sakafu, kabisa, kama nimevaa ndala. Kisha nikaziweka mezani na kuzitazama kwa nyuma: ile ya kulia ya zamani ilikuwa imelalia ndani. Ubavuni mwa sponji kulikuwa na mikunjo ya kulala, mistari kama ya paji la uso la mzee, ambayo haikunyooka hata nilipokikunjua kiatu. Nikabonyeza kwa kidole gumba kutoka ndani. Mpya inazama kidogo na kurudi, kuukuu ni ubao. Na ile sehemu ngumu inayoshika kisigino sasa naikunja kwa vidole viwili bila jasho.

Tangu nibadilishe, unyayo ulitulia ndani ya siku kumi hivi, ugoko ukachukua muda zaidi. Sisemi kila maumivu ni kiatu. Ugoko ukiuma sehemu moja ndogo hata ukiwa umekaa, nenda kwa daktari, huenda mfupa una ufa.

Kiatu chenyewe nakipa nyota nne kati ya tano. Kilinihudumia vizuri hadi kama kilomita 700. Huko mbele kosa ni langu. Mtu mzito kuliko mimi atakimaliza mapema zaidi, na zile raba nyepesi za mashindano zenye bamba la kaboni wala usizitarajie zifike huko. Nyota moja nimeibana kwa sababu ndani ya boksi hamna hata mstari mmoja unaokuambia kiatu kitadumu kiasi gani, ila maelezo ya kukifua yamejaa ukurasa. (Mimi nafua kwa mkono na kuanika kivulini. Joto ni adui wa gundi na sponji.)

Zile kuukuu sijazitupa, nazivaa kwenda dukani. Za sasa zimefika kilomita 212. Tarehe niliyozianza nimeiandika kwa kalamu ya wino ndani ya ulimi wa kiatu, na zikifika 500 nitaanza kuzibonyeza kila Jumapili.