Uzoefu wangu: miezi 14 na jim ya nyumbani kwenye banda la gari, Tanga

Jamani salamu zenu wote. Niko Tanga, Sahare, yani kutoka nyumbani kwetu hadi baharini ni dakika tano kwa mguu, na hilo la bahari nalitanguliza makusudi sababu ndo lililoamua kila kitu kwenye habari hii. Mwaka jana tuliitoa Peugeot 504 ya baba iliyokuwa imelala juu ya matofali toka niko sekondari, banda lake tukaligeuza jim ya familia, na mpaka saivi miezi kumi na nne tunaitumia.

Jim za mjini zipo na mimi nlikuwa naenda, sina ubaya nazo. Ila dada yangu alitaka mazoezi na hana amani ya kuchuchumaa na kuinama mbele ya wanaume wasiomhusu, na mama magoti yanamsumbua, daktari kamwambia akaze misuli ya mapaja, sasa mama na ushungi wake umpeleke wapi? Baba alivyosikia hivyo hakubisha hata kidogo, akasema gari litoke.

Banda lina upana wa mita 3 na urefu mita 5 na nusu, juu bati bila dari. Kabla hujanunua chochote chukua futi kamba upime, maana chuma kirefu cha kubebea pleti (zile sahani nzito za uzito) kile cha saizi kamili kina mita 2.2, kwahiyo kwetu inabaki kama sentimita 40 kila upande na hapo hapo ndo unasimama kuvisha na kuvua pleti. Inawezekana, ila kwa kubana. Banda likiwa jembamba zaidi ya hapo tafuta chuma kifupi.

Sasa makosa. Chuma cha kwanza na pleti za kilo 60 nliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, mzigo ukaja kwa basi nkaupokea stendi ya Kange nikiwa na furaha kwelikweli. Kwenye picha kilikuwa kinang'aa kama kioo. Ni vile vyembamba vya milimita 25, vimepakwa kromu. Mwezi wa nne masika yalivyoshika nkaona vidoti vya kahawia pale pale tunaposhika, nkajua ni uchafu, nkapitisha ukucha, ile kromu ikanyanyuka kama ganda la kitunguu na chini yake ni kutu tupu. Wiki ile ile dada akachanika kiganja. Nlivyompigia muuzaji akaniambia tumekiacha kwenye mvua, wakati hakijawahi kulala nje hata usiku mmoja, na hela ile ndo imekwenda hivyo. Iliniuma sana sababu nusu yake alichangia dada kwenye mshahara wake.

Kilichonifungua macho ni mjomba angu, mvuvi. Alikuja siku moja akakuta napaka mafuta kile chuma akaniuliza, umekiosha? Nkamwambia hapana mjomba, maji si ndo yanaleta kutu. Akanambia injini ya boti ukirudi nayo kutoka kwenye maji chumvi unaipitisha kwanza maji baridi, yani yasiyo na chumvi, ukipaka mafuta juu ya chumvi umeifungia ndani iendelee kula. Na ni kweli, huku kwetu upepo wa bahari unaleta chumvi mpaka ndani ya nyumba, inakaa juu ya chuma inavuta unyevu, halafu na sisi tunaongezea jasho ambalo nalo ni chumvi. Kumbe miezi yote ile nlikuwa naihifadhi kutu vizuri kabisa.

Toka siku ile utaratibu ni huu: ukimaliza zoezi unapanguza na kitambaa chenye maji baridi, unafuata na kikavu, na kila Ijumaa matone machache ya mafuta ya cherehani na brashi ya nyuzi za shaba kwenye ile michirizi ya kushikia ili uchafu utoke. Mtu atakwambia tumia mafuta ya nazi yapo jikoni, mimi nlijaribu, yananata, yanashika vumbi, na baada ya mda yanaanza kunuka.

Chuma cha pili nlinunua mtumba, laki tatu na nusu, kilo 20, ncha zake ni milimita 50 na zinazunguka zenyewe, na kimepakwa zinki. Zinki haing'ai kama kromu ila inafanya kazi kama kwenye mabati, inaliwa yenyewe kwanza kabla ya chuma cha ndani. Kimepita vuli, kimefifia rangi tu, kutu sijaiona. Ubaya ni kwamba pleti za mwanzo tundu zake hazikuingia kabisa, nkaziuza kwa hasara kwa vijana wa Makorora nkaanza upya. Kwahiyo anza na milimita 50 toka siku ya kwanza, hata kama ni kilo 30 tu za pleti, utaongeza taratibu.

Stendi ya kuwekea chuma sikununua ya dukani. Nlienda kwa fundi wa kuchomelea Ngamiani na mchoro kwenye karatasi ya daftari, skwea paipu ya inchi 2 unene milimita 3, matundu kila sentimita 10, rangi nyekundu ya redoksaidi ya kuzuia kutu mara mbili kabla ya ile nyeusi. Laki tatu na themanini mpaka kufika nyumbani juu ya guta. Kazi safi, haitikisiki. Ila mwanzo sikumwambia aweke pini za usalama za pembeni, zile za kudaka chuma kikikushinda, na usiku mmoja niko peke yangu nimelala kwenye benchi kilo 70 zikanishinda kunyanyuka kifuani, sauti haitoki, mpaka mdogo wangu alivyosikia pleti zinagonga akaja mbio. Kesho yake asubuhi nlikuwa kwa fundi. Tafadhali sana, kama unabeba ukiwa peke yako usianze bila hizo pini.

Chini tumetandika vipande vya ule mkanda mnene wa mpira wa mashine za viwandani, nlivianika juani siku mbili harufu ipungue. Dambeli za dada tumemwaga zege wenyewe kwenye makopo, kopo la rangi la lita 4 likijaa linakaribia kilo 10, ila lazima upime kwa mizani sababu mawili hayalingani hata siku moja. Mchana hapakaliki kwa joto la bati, tunaingia baada ya alfajiri au baada ya alasiri, na tumepasua ukuta juu tukaweka matofali ya matundu.

Mama yeye habebi kitu. Anakaa kwenye benchi anainuka, anakaa anainuka, kila akiinuka anasema bismillahi, na mimi nahesabu. Alianza na mara tatu huku kashika stendi. Juzi kafika kumi na moja, mikono kaikunja kifuani.

Kilichobaki ni maji, mvua ikija na upepo inapita chini ya mlango, kwahiyo kabla ya masika fundi anakuja kuinua kizingiti sentimita 10, na baba kasema huyo huyo akimaliza aijengee ile Peugeot kibanda chake nje.