Tathmini ya huduma ya ushauri wa ndoa tunayoitumia tangu tulipokuwa tukielekea talaka

Mimi na mume wangu tulikwenda kwa mshauri wa ndoa tukiwa tumeshakubaliana kuachana, na kilichobaki kilikuwa namna ya kugawana malezi ya watoto. Kikao cha kwanza hakikunifaa kitu, kwani muda wote uliishia kwenye kujaza fomu. Thamani ya huduma niliiona katika kikao cha tatu, pale mshauri alipomtaka kila mmoja wetu arudie maneno ya mwenzake kabla ya kumjibu. Mume wangu alijaribu mara nne, na mara zote alirudia lawama ambazo sikuzitamka, ndipo nikatambua kwamba kwa miaka mingi alikuwa akisikia dharau hata nilipoomba msaada tu. Mshauri alitueleza kuwa mtafiti John Gottman wa Marekani aliitaja dharau kuwa dalili kubwa kuliko zote ya ndoa inayoelekea kuvunjika, nami nilikiri kwamba sauti yangu ilikuwa nayo. Kinachoniudhi ni vikao vya dakika 50, ambavyo hukatizwa hata mtu akiwa analia. Hata hivyo ninaipendekeza kwa dhati kwa wenzi ambao bado wanazungumza. Sisi tungali pamoja, na wiki ijayo tunarudi.