Mlamu kwenye theluji: nilivyolipa mara mbili kupiga picha taa za kaskazini

Kila nikipita Mkunguni, hapa Lamu, nasimamishwa. Zile picha za mbingu ya kijani ni za kweli, au umezipika kwenye kompyuta? Ni za kweli, jamaa: ni taa za kaskazini, mwanga wa asili unaocheza mbinguni usiku. Nilizipiga Februari 2025, mwendo wa saa mbili na kitu kutoka mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norwei. Lakini nililipa safari mbili kuzipata, na ya kwanza ilipotea bure. Naandika ili mwenzangu mwenye kamera, wa hapa Lamu au wa Malindi, asiangukie nilipoangukia mie.

Safari ya kwanza niliichagua kwa bei. Krona 900 za Norwei, basi kubwa, watu zaidi ya arubaini. Saa kumi na mbili jioni tukaondoka (huko saa kumi tayari jua limeshazama), tukapelekwa ufukweni, penye meko na viti. Mbingu ilikuwa imefunga kama ya hapa kwetu mwezi wa tano. Tukakaa saa mbili, tukanywa chokoleti ya moto, tukarudi. Nilipouliza habari ya pesa nikaonyeshwa masharti: taa hazina dhamana. Sawa, wingu halikuletwa na wao. Kinachoniuma ni kwamba hawakujaribu hata kusogea. Basi lile lilikuwa na kituo chake, na kituo hakihami.

Kosa langu ni kwamba nyumbani nilikuwa nimesoma habari za jua tu, kwa kuwa chembe zitokazo kwenye jua ndizo zinazowasha taa hizi. Oktoba 2024 NASA walitangaza kuwa jua limefika kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 hivi, nikaona basi, mwaka ndio huu. Kisha nikapakua programu inayoonyesha Kp, kile kipimo cha 0 hadi 9 cha msukosuko wa sumaku ya dunia, nikawa naitazama kila dakika. Kumbe Tromsø, kwenye nyuzi 69 kaskazini, iko chini ya ukanda wenyewe ambamo taa hizi hucheza. Hata Kp 2 yatosha kuziona. Unachokitafuta huko ni mbingu iliyo wazi.

Hilo nililijua usiku wa pili, kwenye gari dogo la watu wanane, krona 1,700. Kabla ya kuwasha injini mwongozaji alikuwa na ramani za mawingu kwenye simu, akizisoma kama nahodha anayetazama kisiwa cha Manda kabla ya kutweka tanga. Akasema pwani yote imeziba, twende ndani, upande wa Ufini. Tukafika bonde la Skibotn, ambako milima huzuia mawingu ya baharini. Nyota zikatoka. Na baridi ikatoka: chini ya sifuri kwa nyuzi 17. Ovaroli na viatu vizito wanakupa wao, na tripodi pia. Usijisumbue kununua hivyo Nairobi. Nunua glavu tu, pea mbili: nyembamba ndani za kubonyezea vitufe, nene juu yake.

Sasa kamera. Lenzi yangu ina kichujio cha kioo mbele ambacho sikuwahi kukivua tangu niinunue, kwa sababu ya mchanga na chumvi ya Shela. Picha zangu za mwanzo zote zikatoka na viduara katikati, kama vya jiwe kwenye maji. Mwongozaji akatazama skrini ya kamera yangu, hakusema kitu, akanionyesha kwa ishara: vua. Viduara vikapotea. Fokasi ya kujiendesha nayo haifai kitu gizani. Unaizima, unaikuza nyota moja kwenye skrini, unazungusha lenzi taratibu mpaka nyota iwe nukta. Nilianza na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600, tundu la lenzi f/2.8, sekunde 10 za kuingiza mwanga, na kuchelewesha picha kwa sekunde 2 baada ya kubonyeza ili mkono usiitikise kamera.

Betri iliyojaa ilikufa ndani ya dakika arubaini. Niliitia mfuko wa ndani, karibu na kifua, nikaweka ya pili, na baadaye ile ya kwanza ikafufuka. Baridi huifanya ishindwe kutoa umeme, si kwamba umeme umekwisha. Beba tatu.

Jambo moja tu Mlamu ana ujuzi nalo kuliko Mzungu: ukungu wa lenzi. Sote tunajua kamera iliyolala kwenye chumba chenye AC ikitolewa asubuhi ufukweni inavyotota. Huko ni hivyo hivyo, ila inatota ukiingia ndani. Niliifunga kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kupanda gari, nikaiacha humo mpaka ikapata joto. Jirani yangu wa kiti, mwenye kamera ya bei mara tatu ya yangu, alibaki akifuta.

Na taa zenyewe? Mwanzo nilikasirika. Niliona utepe wa kijivu, kama moshi wa jiko la makaa juu ya mapaa. Kamera ndiyo iliyosema ni kijani. Macho yetu gizani hayashiki rangi hafifu. Kisha, karibu saa tano usiku, ule utepe ukapasuka. Kijani cha wazi kabisa, hiyo ni oksijeni, kilomita mia na zaidi juu, na ukingo wa chini waridi, hiyo ni naitrojeni. Ukawa unakwenda mbio kama kanga iliyoanikwa siku ya kaskazi. Sekunde 10 zikawa nyingi, picha zinatoka uji wa kijani, nikashuka hadi 3 na kupandisha ISO hadi 3200. Nusu ya muda sikubonyeza kitu. Nilisema subhanallah nikaachia hapo.

Nawapa wa gari dogo nyota nne kati ya tano. Ya tano niliizuia kwa sababu mmoja wetu alikuwa akifungua mlango wa gari kila mara, mwanga unamwagika kwenye picha za watu, na mwongozaji aliona haya kumkanya. Tena supu ya samaki haikuwa na hata chembe ya pilipili, lakini hilo ni langu.

Ukienda, lala usiku nne au zaidi, na usiende mwezi wa sita hata nauli ikishuka vipi: jua halizami. Kile kichujio nilikirudisha kwenye lenzi nikiwa juu ya boti kutoka uwanja wa ndege wa Manda, kaskazi inaturushia maji ya chumvi.