Miezi minane na sintesaiza niliyoilehemu mwenyewe hapa Mtwara

Naandika kwa ajili ya fundi mwenzangu, au mpenzi wa muziki, aliyeona mtandaoni zile sintesaiza zilizojaa waya, yaani vyombo vya muziki vya umeme, akajiuliza kama mtu wa huku kusini anaweza kuunda ya kwake. Anaweza. Yangu iko mezani hapa Chikongola, na karibu yote nimeilehemu kwa pasi ileile ninayotengenezea redio za wateja. Ila kuna mambo ningefurahi kama mtu angeniambia kabla sijatuma hela.

Kwa asiyezijua, sintesaiza ya moduli haiji na kinanda wala sauti zilizopangwa tayari. Ni vipande vinavyojitegemea, vinavyoitwa moduli. Osileta inazalisha mlio, filta inaukata makali, kipande kingine kinaupandisha na kuushusha, na wewe unaviunganisha kwa waya fupi unavyotaka. Kinachopita kwenye waya ni volti. Ukiongeza volti moja, toni inapanda oktavu moja kamili, yaani kutoka do mpaka do ya juu yake. Mashine za namna hii zilianza miaka ya 1960 kwa watu kama Robert Moog na Don Buchla wa Marekani, na vipimo vinavyotumika zaidi leo viliwekwa na kampuni ya Doepfer ya Ujerumani mwaka 1996: urefu wa moduli ni milimita 128.5, upana unahesabiwa kwa vipande vya milimita 5.08, na jeki ni za milimita 3.5. Hilo la jeki lilinifurahisha sana, kwa sababu ni tundu lilelile la spika za masikioni za simu. Waya wa AUX unaouzwa kwa wauza vifaa vya simu pale sokoni unaingia na unafanya kazi. Usiagize waya kutoka nje.

Nilinunua seti mbili za kulehemu mwenyewe kwa wakati mmoja, kutoka kwa watu wawili tofauti, na tofauti yao ndiyo iliyonifanya nikae niandike.

Ya kwanza ni osileta, kutoka kwenye mfululizo ambao kampuni ya Erica Synths ya Riga, Latvia, imeutengeneza pamoja na Moritz Klein, anayefundisha sakiti za sintesaiza kwenye YouTube. Kwenye boksi kuna bodi, uso wa moduli na vifaa vyake. Lakini mali yenyewe ni mwongozo. Haukuambii tu "chukua rezista hii uweke pale". Unaijenga sakiti mbele ya macho yako, kwanza kwenye bredibodi, ubao wa matundu wa kuchomekea vifaa bila kulehemu chochote, na kila kifaa kinachoongezwa kinapewa sababu yake. Umeandikwa kwa Kiingereza, ila Kiingereza chepesi, na unapatikana bure mtandaoni, kwa hiyo unaweza kuusoma wote kabla hujatoa hata shilingi.

Nitaeleza usiku mmoja tu. Nilichukua aisii ya 40106, ambayo ndani yake ina mageti sita, yaani swichi ndogo za kielektroniki, nikatumia geti moja. Kapasita moja kutoka mguu wa kuingilia kwenda kwenye hasi, rezista moja kutoka mguu wa kutokea kurudi kwenye ule wa kuingilia, basi. Nikagusisha spika ndogo yenye amplifaya, ikalia. Kapasita inajaa, geti linageuka. Kapasita inajimwaga, geti linarudi. Hivyo hivyo mara mamia kwa sekunde, na huko kujaa na kumwaga ndiko sikio linasikia kama toni. Nimetengeneza redio miaka kumi na mbili. Kapasita nimezibadilisha nyingi hata siwezi kuzihesabu, lakini sikuwahi kuisikia moja ikifanya kazi yake. Nikachomoa ile, nikaweka nyingine kubwa zaidi niliyoitoa kwenye redio mbovu, toni ikashuka chini. Nikaweka ndogo, ikapanda. Nilizima taa saa nane usiku.

Seti ya pili ilikuwa ya sauti ya ngoma, ya bei rahisi, na muuzaji wake sitamtaja. Ilikuja na karatasi moja yenye picha ya bodi na namba za vifaa. Nikalehemu kila kitu kama picha inavyosema, nikawasha, kimya. Jioni mbili zikaisha hapo. Nikachukua mita, nikapima rezista moja baada ya nyingine, mpaka nikafika kwenye moja iliyotakiwa kuwa kilo-omu 100, yaani kahawia, nyeusi, njano. Waliyofunga kwenye mfuko ilikuwa kahawia, nyeusi, nyekundu. Hiyo ni kilo-omu 1. Nilikosea kuamini mfuko bila kupima, sawa, lakini niliwaandikia barua pepe mara tatu na sijajibiwa mpaka leo. Mtu ambaye hana mita, na hana dukani kopo lililojaa rezista, hela yake ingekuwa imepotea hivyo hivyo. Ndiyo maana nasema seti inayokufundisha ina thamani kuliko inayokupa picha ya kufuatisha. Kitu kikigoma, umbali kati ya Mtwara na Ulaya unaupima kwa kile unachokijua mwenyewe.

Usafirishaji sitausemea sana. Mzigo ulichukua wiki saba, na gharama ya kuufikisha ilikaribia bei ya seti moja. Agizeni watu wawili watatu kwa pamoja.

Sasa umeme, kwa sababu hapa ndipo wengi watakwama. Moduli hizi zinataka volti 12 chanya, volti 12 hasi, na sifuri katikati. Adapta ya kawaida ya volti 12 haikupi hasi. Mfumo wa kununua upo, ila mimi nilitoa transfoma ya 15-0-15 kwenye amplifaya iliyoungua, nikaweka dayodi nne, kapasita mbili za mikrofaradi 2200, kisha aisii za kudhibiti volti, 7812 upande wa chanya na 7912 upande wa hasi. Fundi, nisikilize hapa. Miguu ya hizo mbili haifanani. Ukizitazama usoni, 7812 inaanza na kuingilia, katikati sifuri, mwisho kutokea. 7912 inaanza na sifuri, katikati ndiyo kuingilia. Na lile bati la mgongoni la 7912 limeungana na mguu wa kuingilia, kwa hiyo ukizifunga zote mbili kwenye kipande kimoja cha alumini bila maika ya kuzuia umeme, unapiga shoti. Pia weka fyuzi upande wa umeme wa ukutani, usiseme utaweka kesho. Na ule waya bapa unaopeleka umeme kwenye moduli, mstari wake mwekundu ni upande wa hasi 12. Sisi tumezoea nyekundu kuwa chanya. Andika kwa kalamu kwenye boksi lako, kwa maandishi makubwa.

Umeme ukikatika natumia betri mbili za sola za volti 12 zilizofungwa mfululizo, ile sehemu zinapokutana ndiyo sifuri. Inafanya kazi vizuri na haina mvumo hata kidogo. Betri zikishuka, toni nayo inasogea, kwa hiyo si ya kurekodia wimbo mrefu.

Kuhusu kulehemu kwenyewe nitasema jambo moja tu linalohusu pwani. Wiki ya kwanza osileta yangu ilikuwa inatangatanga asubuhi, hasa siku ambazo upepo wa bahari umelala na kila kitu kina unyevu. Nilidhani nimeunguza transista. Kumbe ni mabaki ya fluksi, ile dawa inayosaidia risasi ya kulehemu ishike, juu ya bodi. Yakinyonya unyevu yanapitisha umeme kidogo sana, lakini kwenye sakiti ya namna hii hicho kidogo kinasikika. Nilisugua bodi kwa spiriti na mswaki wa zamani mpaka ikang'aa, nikaianika juani, na kutangatanga kukaisha. Skrubu za kawaida nazo zimeanza kutu ndani ya miezi mitatu. Tafuta za chuma kisichoshika kutu.

Kulibaki tatizo la joto. Duka langu ni la bati. Saa mbili asubuhi ni pazuri, saa nane mchana hapakaliki, na osileta niliyoipatanisha asubuhi ilikuwa mchana haiimbi sawa na kinanda. Hii si kasoro ya kampuni, ni maumbile ya transista. Sehemu inayogeuza volti kuwa oktavu, kama haijawekewa fidia, inabadilika kwa takriban asilimia 0.33 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Joto likipanda nyuzi 10, oktavu yako imepungua karibu nusu ya nusu-toni, yaani nusu ya hatua kati ya vibonye viwili vinavyofuatana vya kinanda, na hilo hata mtoto analisikia.

Nilikuwa nahangaika na jambo hili siku mjomba wangu aliponitembelea kutoka Tandahimba, mwezi wa kumi na moja, alikuwa amekuja mjini kufuatilia hela zake za korosho. Ni mpiga ngoma, sindimba ameipiga tangu kijana. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikaendelea kugeuza skrubu ya kupatanishia huku nikimweleza kwa nini sauti inakimbia. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akasema, "Mpwa wangu, chombo chako hakijaota moto."

Yeye ngoma zake huziotesha moto wa majani makavu kabla ya kupiga. Ngozi iliyonyonya unyevu inalegea, sauti inakuwa ya kopo. Ikipata moto inakaza, na mpigaji anaigonga, anaisikiliza, anaisogeza tena motoni mpaka ikubali. Hakuna anayelalamika kwamba ngoma ni mbovu. Ni kazi ya mwanzo tu, kama kutandika mkeka.

Nimelichukua kama alivyolisema. Nawasha mashine nusu saa kabla, ikiwa ndani ya boksi lake lililofungwa, ndipo napatanisha. Zile transista mbili za kubadilishia volti nimezigusanisha migongo, nikapaka krimu nyeupe ya kupitishia joto na kuzifunga uzi, ili zipate joto moja kwa wakati mmoja. Boksi nimechongewa na seremala wa hapa Magomeni kwa mninga, unene wa sentimita mbili, na mbao hiyo inazuia joto la bati lisiingie kwa ghafla. Sasa kutoka mchana hadi usiku inasogea kidogo tu, na ninairudisha kwa kidole.

Marekebisho ninayojivunia zaidi ni ya ile seti ya ngoma, ambayo nilikuwa karibu kuitupa. Sauti yake ilitoka kiwandani ikiwa ya muziki wa klabu, fupi, inapiga kifuani. Mjomba alipoisikia akasema haina tumbo. Ndani yake kuna kapasita mbili zinazofanana, ndizo zinazoamua toni ya mlio. Ukiongeza zote mbili mara mbili, ngoma inashuka oktavu nzima. Nilizing'oa nikaweka soketi ndogo za aisii, ili niweze kuchomeka kapasita tofauti bila kulehemu tena. Mjomba akaweka ngoma yake kubwa magotini na kuigonga, mimi nikachomeka, nikasikiliza, nikachomoa, nikachomeka nyingine. Kapasita ya sita ndiyo aliyoikubali. Sikupima hezi ngapi. Niliziandika thamani zake kwenye boksi kwa kalamu.

Kisha nikabandika kisahani cha piezo, kile kinachopiga kelele kwenye saa za mezani, ubavuni mwa ngoma yake kwa gundi ya karatasi ili kisiumize ngozi. Ukikigonga kinatoa umeme, na kwa pigo la mkono mzito kinaweza kutoa makumi ya volti, kwa hiyo lazima uweke rezista ya megaomu 1 sambamba nacho na dayodi mbili za 1N4148 za kuikinga mashine. Hapo ngoma halisi ikipigwa, moduli inaitikia kwa wakati uleule, toni karibu ileile, chini yake kidogo. Alipoisikia mara ya kwanza mjomba alisimamisha mkono hewani. Akapiga tena, taratibu. Kisha akaanza kupiga sindimba yenyewe, na watoto wa jirani wakajaa mlangoni, na mimi sikuwa na kazi nyingine ila kushikilia kitasa cha sauti kisizidi.

Kama unaniuliza uanze na nini: pakua mwongozo, nunua bredibodi na 40106 moja, ukae nayo mwezi mzima kabla hujaagiza chochote. Ukiona bado una hamu, anza na umeme, kisha osileta, na wala usikimbilie seti yenye bodi zilizojaa vifaa vidogo kama punje za mtama kama pasi yako ni ya kawaida. Chagua zenye vifaa vya miguu mirefu. Vikikosewa vinang'oleka, na vingi vyake vimo tayari kwenye redio mbovu ulizonazo chini ya meza.

Mimi nimeshaagiza filta, tupo watatu safari hii, mmoja wetu yuko Lindi mjini. Na mjomba ametuma ujumbe kutoka Tandahimba kwamba ile ngoma ndogo nayo inataka mwenzake, na kwamba kisahani cha piezo nisinunue, amepata saa mbovu mbili.