Tulivyokaa darasani Copperfield Road, London

Wageni wangu wengi wakija London huishia kupiga picha Big Ben. Safari hii nilimpeleka wifi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, pamoja na wanangu wawili, hadi Mile End. Ukifuata mfereji wa Regent's unafika Copperfield Road, kwenye maghala ya zamani ya matofali ambayo Dakta Thomas Barnardo, mfadhili wa watoto maskini, aliyageuza shule ya bure mwaka 1877. Leo ni makumbusho, Ragged School Museum, yaani ya shule ya watoto wa matambara.

Kinachostahili nauli ni darasa lenyewe. Mnabanana kwenye madawati ya mbao, mwalimu anaingia amevaa kama enzi za Malkia Victoria, na kuanzia hapo hakuna mzaha. Simama! Keti! Nyosha mikono, kucha zikaguliwe! Mnaandika kwenye vibao vya mawe, mnafuta, mnaitikia kwa sauti moja. Wanangu, waliozaliwa hukuhuku, walichekacheka mpaka mmoja akaitwa mbele kwa kosa la kunong'ona. Wifi hata hakutabasamu. Alikuwa ameshakaa wima, mikono juu ya dawati. Tulipotoka akaniambia, "Mbona hii ni shule yetu ya msingi kabisa?" Aliyesoma kwetu haelezwi fimbo iliyo mezani ni ya nini.

Shule za namna hii hazikuanza na Barnardo. Fundi viatu wa Portsmouth, John Pounds, alikuwa akifundisha watoto wenye nguo za matambara bila malipo tangu 1818, na mwaka 1844 ukaundwa umoja wa shule hizo chini ya Lord Ashley, ambaye baadaye alijulikana kama Shaftesbury. Sheria ya 1870 ilileta shule za umma, ila nyingi zilitoza ada ya senti chache kwa wiki, na kwa familia ya kibarua hizo zilikuwa pesa. Ndiyo maana hii ya bure, yenye chakula pia, ilijaa. Ilifungwa 1908.

Anayetafuta habari za watoto waliovunja sheria ajue hao walikuwa na njia yao. Kwa sheria ya 1854, mtoto wa chini ya miaka 16 aliyepatikana na hatia alilala kwanza gerezani siku zisizopungua 14, ndipo apelekwe shule ya kurekebishwa tabia kwa miaka 2 hadi 5. Mary Carpenter wa Bristol alizipigania shule hizo, lakini gereza la kutangulia alilipinga. Jengo alilofungulia shule ya wasichana mwaka huohuo, Red Lodge, nalo ni makumbusho sasa. Ndiko ninakotaka kwenda.

Barnardo mwenyewe simsifu moja kwa moja. Mwaka uleule wa 1877 alikuwa mbele ya wasuluhishi kwa sababu ya picha za watoto zilizopangwa ili waonekane hohehahe kuliko walivyokuwa. Na shirika lake lilipeleka Canada watoto wapatao 30,000, wengi wao wakiwa na wazazi hai. Mzazi yeyote ajiulize angelala vipi.

Darasa haliendeshwi kila siku, kwa hiyo ulizia na uweke nafasi mapema. Mwenye mtoto mwoga amwambie kabisa kwamba mwalimu yule ni mwigizaji.