Maktaba ya mashabiki, hukumu ya makaa ya mawe na benchi la mabibi: nilivyovipata mtandaoni nikiwa Amu

Tamthilia zikiisha, mimi huwa bado sijaisha. Za Kikorea, za Kituruki, katuni za Kijapani, zote mwisho wake ni ule ule: mtu niliyempenda kauawa sehemu ya mwisho ili wengine wapate kulia vizuri, na mimi nabaki na maswali. Angepona ingekuwaje? Yule dada yake aliyepewa maneno matatu tu, yeye alikuwa akiwaza nini? Duniani tuko wengi wenye ugonjwa huu, na wako wanaoandika majibu yao wenyewe, kwa hadithi wanazotunga juu ya wahusika wale wale. Makao makubwa ya maandishi hayo ni Archive of Our Own, ambayo wazoefu huiita AO3. Ndiyo ninayotaka kuisifia hasa, pamoja na vitu viwili vingine ambavyo havifanani nayo hata kidogo, ila vyote vitatu nimevitumia kwa simu ya kawaida hapa mtaani Langoni, Amu, yaani mji wa Lamu, kwa bando la kununua kidogo kidogo.

AO3 ni maandishi matupu. Ukurasa unafunguka hata mtandao ukiwa umelegea, kwa sababu hakuna video zinazojifungua zenyewe wala tangazo la biashara hata moja. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 2009 na shirika lisilo la faida, Organization for Transformative Works, lililoanzishwa 2007 na mashabiki waliochoka kuona hadithi zao zikifutwa na wenye tovuti za biashara pasipo kuulizwa. Mpaka leo inaendeshwa na watu wanaojitolea na michango ya wasomaji, na mwandishi haruhusiwi kuuza chochote humo. Hadithi zimepita milioni 10. Mwaka 2019 tovuti nzima ilipewa tuzo ya Hugo, ambayo kwa wapenzi wa hadithi za kisayansi si tuzo ya kuchezea. Kusoma hakuhitaji akaunti. Ukiitaka, unaweka barua pepe yako kwenye foleni, unasubiri mwaliko.

Kinachonifaa sana ni kitufe cha kupakua. Hadithi ndefu kuliko kitabu naishusha kama EPUB au PDF nikiwa kwenye waifai, kisha naisoma chomboni nikivuka kwenda Mokowe, au usiku umeme unapokwenda zake. Mgeni ajue kwamba hawana programu rasmi ya simu. Zile zinazotumia jina lao kwenye maduka ya programu si zao. Fungua kwa kivinjari tu. Wala usitarajie ikuchagulie. Haikujui na haina haja ya kukujua. Unachuja mwenyewe, na siku za mwanzo utachanganyikiwa kwa wingi wa visanduku vya kujaza.

Lakini nikiulizwa kwa nini siiachi, nitasema ni adabu yake. Hadithi haikuingilii ndani. Inapiga hodi kwanza. Juu kabisa, kabla ya neno la kwanza, imeandikwa inamfaa msomaji wa umri gani, ina ukatili wa wazi au haina, mhusika mkuu anakufa au hafi, kuna ubakaji au hakuna. Chini yake mwandishi anaongeza lebo zake mwenyewe: msiba, ulevi, mwisho mwema, watu wanapika pamoja. Asiyetaka kufichua anaruhusiwa kutamka kwamba ameamua kutoonya, na hilo nalo linatosha kukuambia uingie kwa hiari yako.

Mwaka tuliofiwa na mamangu sikuweza kuvumilia kisa chochote chenye mama mgonjwa. Tamthilia haikwambii. Unakaa na chai yako, ghafla unaletewa kitanda cha hospitali. AO3 nikaiweka lebo ile upande wa kuondoa, hadithi za namna hiyo zikatoweka machoni pangu, nikabaki na nyingine zinazonifaa. Kuna aina nzima ya hadithi ambamo mtu anaumizwa, kisha anauguzwa polepole: anapikiwa uji, anafunikwa shuka, hakuna anayemharakisha apone. Nilizisoma nyingi sana. Wako waliokuwa wakiniambia "subiri, dada, hivyo ndivyo dunia ilivyo", na nawashukuru, lakini zile hadithi za uji zilinisaidia zaidi.

Wazazi, hili lenu: humo mna mambo ya watu wazima, mengi, na mengine ya kutisha. Kanuni zao zinataka mwenye akaunti awe na miaka 13 kwenda juu, na hadithi za watu wazima hukuuliza kama unataka kuendelea, lakini mtoto yeyote anajua kubonyeza "ndiyo". Simu ya nyumbani inayozunguka mikono yote nisingeiachia wazi.

Lawama yangu kubwa ni nyingine. Mhusika mweusi anaweza kuwa shujaa wa tamthilia nzima, lakini ukimfuata AO3 unamkuta kapewa kazi ya kusuluhisha mapenzi ya Wazungu wawili. Si mimi peke yangu nionaye hivyo. Mwaka 2020 shirika lilitoa ahadi kuhusu ubaguzi wa rangi, na Mei 2023 mashabiki wakaanzisha kampeni ya kulikumbusha ahadi hiyo. Siku hizi unaweza kumzuia mtu asikuandikie maoni, na hiyo ni hatua. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha, ila ukikichagua utakuta hadithi chache mno. Hapo siwezi kumlaumu mtu wa Marekani. Sisi wenye utenzi wa karne na karne ndio hatujaandika.

Cha pili ni kikavu, nivumilieni. Kenya Law ni tovuti ya National Council for Law Reporting inayoweka hukumu za mahakama zetu bure. Humo nilisoma uamuzi wa Jopo la Kitaifa la Mazingira wa tarehe 26 Juni 2019, uliofuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokuwa ujengwe Kwasasi, huku kwetu Lamu. Habari yenyewe Amu nzima tuliisikia. Lakini niliposoma hukumu yenyewe ndipo nilipojua kwa nini Save Lamu, shirika la watu wa huku lililopinga mtambo huo, na wenzao watano walishinda: mikutano ya mwanzo haikutosha, ripoti ya athari ilipokamilika wananchi walitakiwa waelezwe yaliyomo na wasikizwe, na hilo halikufanyika sheria inavyotaka. Mtu mwenye mazoea ya kusoma sura arubaini za mapenzi hashindwi na hukumu. Hukumu ya 2018 ya wavuvi na bandari ya Lamu, yenye fidia ya shilingi bilioni 1.76, nayo imo. Tatizo ni Kiingereza chake. Mvuvi wa Faza anayetajwa humo atahitaji mtu wa kumsomea.

Cha tatu ni benchi la Zimbabwe. Mwaka 2006 Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza na mabibi 14, yaani akina nyanya, wa mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha kumsikiliza mtu aliyelemewa na mawazo na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Mahali pa kazi ni benchi la mbao nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa 2016, wenye washiriki 573, ulionyesha kwamba waliokaa na mabibi hao walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita. Hotuba yake ya 2017 iko mtandaoni bure na haimalizi bando.

Nimeipenda, ila sijui kama ingefaa kwetu ilivyo. Nyumba zetu za kale zina madaka yenye baraza, kukaa tunajua. Tatizo wakaao barazani ni wanaume, na kila apitaye anaona nani kaketi na nani. Kabla ya magharibi mji wote unajua kwamba binti wa fulani ana mawazo. Bibi wa kwetu angefanya kazi hii vizuri mno, lakini ndani, ukumbini, mlango ukiwa umerudishwa.

Kwa sasa naona simu ndiyo inayofaa mji mdogo. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina laini ya 1199 ya ushauri nasaha. Na kama anayehitaji msaada anahofia polisi, mwambieni hivi: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua awe mhalifu, Mahakama Kuu ilitamka tarehe 9 Januari 2025 kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Apige tu. Laini hiyo ni ya bure, hata salio likiwa sufuri.